Jicho na Makoti ya Buluu

Katika duka la rangi lililo kwenye kona, kati ya muuza vioo na fundi viatu, alikuwapo mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Jicho. Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana kwa mkewe na kwa mwenye duka, na hata hao hawakulitumia. Aliitwa Jicho kwa sababu alichanganya rangi bila mashine. Unamletea kipande cha plasta kilichobanduka ukutani kwako, ukubwa wa ukucha, anakitazama, anakigeuza, anakipeleka mlangoni penye mwanga wa jua, kisha anarudi mezani na kuanza kudondosha. Tone la manjano, matone mawili ya nyeusi, kidogo cha nyekundu ya udongo. Anakoroga. Anapaka kidogo juu ya kifuniko cha kopo na kukikausha kwa mashine ya nywele ambayo mwenye duka aliinunua kwa msusi aliyefunga kazi. Halafu anakilaza kile kipande chako juu ya rangi, na kipande kinapotea, hukioni kilipo mpaka ukiguse. Wateja walicheka kwa mshangao, na Jicho alijifanya hajali, ingawa alijali kuliko alivyojali mshahara.

Maduka mengine yalikuwa na mashine za kusoma rangi. Mwenye duka hakuwa na haja nazo. Aliwaambia wateja kwamba mashine yake inakula mchana, inaomba likizo, na haijaharibika kwa miaka ishirini na minne. Jicho alipenda kuusikia utani huo kila ulipotolewa, mpaka siku alipoanza kuuogopa.

Sasa, mtu anayeshinda kwenye rangi siku sita, siku ya saba ungetarajia alale. Huyu hakulala. Jumapili mchana, mkewe akisharudi kutoka kwenye mikutano yake, alimkuta dirishani na brashi yenye nywele tatu, anapaka rangi vijiaskari. Vilikuwa vya madini ya risasi, kila kimoja kimo cha kidole gumba, na farasi wao na ngoma zao na bendera zao. Alianza zamani, alipowanunulia watoto wake pacha boksi moja la kuchezea. Pacha wakaupenda mpira, vijiaskari vikabaki na baba. Pacha walikua, wakapata kazi mbali, wakawa wanapiga simu. Vijiaskari vikaongezeka mpaka vikajaza rafu mbili za kabati ambalo mkewe, Mama Pacha, alilinunua kwa ajili ya vyombo.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule na wenzake watano katika chumba cha ushirika, na alikuwa mtu wa kanuni. Kanuni ya vijiaskari ilikuwa hivi: mwaka mmoja, aina moja, kwa pesa za kibubu tu, na kibubu kikiisha kimeisha. Jicho aliinung'unikia kanuni hiyo lakini moyoni aliipenda. Ilimlazimu achague, na kuchagua ndiko kulikomnogea zaidi. Angeweza kukaa miezi mitatu anajiuliza kama achukue wapiga mishale au wapanda farasi, na miezi hiyo mitatu ilikuwa raha tupu.

Mwaka huu tunaousimulia, uchaguzi haukuwa raha.

Alikuwapo mwalimu mstaafu wa historia, mjane, aliyekuwa na vijiaskari vingi kuliko mtu yeyote ambaye Jicho alimfahamu. Wote walimwita Mwalimu, na kustaafu hakukumpunguzia chochote. Bado alimsahihisha kila mtu, hata kondakta. Binti yake alikuwa amemshauri akaishi naye, na nyumba ya binti haikuwa na nafasi ya majeshi. Mwalimu akawa anauza. Alimwekea Jicho mifululizo mitatu ambayo haijapakwa rangi, akamwambia achague mmoja kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa bei ambayo kibubu kingeiweza. Asingemngoja zaidi ya hapo, maana kuna kijana wa mtandaoni aliyekuwa tayari kuchukua yote.

Mfululizo wa kwanza ulikuwa Warumi. Vijiaskari arobaini tu, lakini vimechongwa vizuri mno, ngao zina michoro ya radi na mabawa, kila ngao kazi ya siku nzima. Hao walikuwa ghali, wangekikomba kibubu mpaka kwenye vumbi. Mfululizo wa pili ulikuwa jeshi la Ufaransa la zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, makoti ya buluu, suruali nyeupe, mabega mekundu, vifungo vya dhahabu, zaidi ya mia moja na ishirini. Kwa bei ya kimoja kimoja walikuwa nafuu, lakini rangi zao ndizo zinazokula pesa. Wa tatu ulikuwa askari wa vita kuu ya kwanza. Kaki. Kofia kaki, koti kaki, suruali kaki, soksi za kufunga miguuni kaki. Bei ya kutupa, na kopo moja la rangi lingewavika wote na kubaki.

Mtu wa bajeti angechukua kaki na kwenda zake. Jicho tangu ujana wake hakuwahi kugusa kaki. Alisema kupaka kaki ni sawa na kupaka ukuta wa bohari.

Lakini safari hii, Mwalimu alipomfungulia maboksi matatu mezani, Jicho aliyatazama makoti ya buluu, ambayo bado yalikuwa madini matupu ya kijivu, na kijasho chembamba kikamtoka mgongoni. Akauliza bei ya kaki.

Kwa nini jasho? Turudi nyuma mwezi mmoja na nusu.

Alikuja dukani mkunga wa zahanati ya jirani. Alikuwa amepaka kuta tatu za sebule yake rangi nyeupe ya maziwa, rangi ikamwishia, akaleta kipande. Kazi ya robo saa. Jicho alichanganya, akapaka kwenye kifuniko, akakausha, akalaza kipande. Kikapotea kama kawaida. Mkunga akashukuru, akalipa, akaondoka.

Siku ya nne alirudi na simu yake mkononi. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomwumiza Jicho. Alikuja kwa upole wa mtu anayempelekea mwenzake habari mbaya, upole ambao nadhani ni sehemu ya kazi yake. Alionyesha picha. Ukuta wa nne ulikuwa na ubuluu, kama ubaridi fulani, haukufanana na zile kuta tatu. Mwenye duka aliitazama picha, akamtazama Jicho, akasema hapo hapo kwamba kiwanda kimeleta makopo mabovu. Akampa mkunga kopo jingine bure. Mambo yakaisha, kwa mkunga na kwa mwenye duka.

Kwa Jicho hayakuisha. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko mwenye simu alivyotaka, na hakuiona tofauti. Kuta zote nne zilikuwa rangi moja. Alikumbuka kwamba siku ile, katika kuchanganya, nyeupe ilikuwa inamkataa, inamjia na uchafu wa manjano, akatia tone la buluu kuisafisha. Halafu tone la pili. Halafu la tatu. Fundi rangi yeyote atakwambia kwamba matone matatu ya buluu kwenye nyeupe ya maziwa ni wendawazimu. Aliyatia kwa mkono wake huku akipiga mluzi.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Haikuwa hofu ya kumwaga unga, ingawa hiyo nayo ilikuwapo. Ilikuwa hofu ya zamani zaidi, na ilikuwa na sura ya baba yake.

Baba yake alikuwa mwandika mabango. Aliandika majina ya maduka kwa mkono, herufi zilizokaa kama zimepigwa mstari, na alikuwa hodari mpaka siku alipoandika bango la kiwanda cha mikate na herufi mbili za mwisho zikaishia kwenye ukuta wa jirani. Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Alisema ngazi iliteleza. Kwa miaka mitatu iliyofuata ngazi iliteleza mara nyingi, jua likawa kali mara nyingi, brashi ikawa mbovu mara nyingi. Mama alijua, watoto walijua, na hakuna aliyesema. Alipokubali hatimaye kwenda kwa daktari wa macho aliambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Jicho alikuwa na miaka kumi na saba. Kitu alichokikumbuka zaidi ni kwamba baba yake, muda mrefu kabla ya kukubali kuwa haoni, alikuwa akihesabu hatua. Kumi na moja kutoka kitandani mpaka mlangoni. Alihesabu kwa midomo, bila sauti, akidhani hakuna anayemwona.

Wiki moja baada ya mambo ya mkunga, Jicho alijikuta anatembea kutoka meza ya kuchanganyia mpaka rafu ya makopo, na midomo yake inacheza. Tisa. Alisimama katikati ya duka akashika meza. Mwenye duka akamwuliza kama ana njaa.

Tangu hapo aliishi roho juu. Alibuni ujanja wa kila namna. Wateja wa nyeupe aliwaambia waje kesho asubuhi, mwanga utakuwa mzuri. Wateja wa buluu na kijani aliwashawishi wabadili mawazo, akawasifia manjano na nyekundu ya udongo mpaka mama mmoja akamwuliza kama duka limekula hasara ya buluu. Alianza kunusa makopo, kana kwamba buluu ina harufu yake. Na kwa sababu jambo hilo halisemeki, hakulisema, hata kwa mkewe, ambaye walilala kitanda kimoja kwa miaka ishirini na sita na kuambiana hata ndoto.

Sasa umeelewa jasho. Tumrudie pale mezani kwa Mwalimu.

Mwalimu aliposikia swali la bei ya kaki, alishusha miwani. Alidhani anataniwa. Jicho akaanza kueleza habari ya bajeti, maisha yamepanda, kibubu mwaka huu chepesi, mtu mzima lazima afikirie. Aliongea sana, na kwa kawaida yeye si mwongeaji. Ili kubadili mazungumzo, akatoa kwenye mfuko alichokuja nacho kumwonyesha: wapiga ngoma kumi na wawili aliowamaliza Jumapili iliyopita, mabaki ya boksi la mwaka jana. Wote koti la buluu iliyokolea. Alikuwa amewafanyia kazi wiki tano na alijua ni kazi safi.

Lazima nieleze jambo hapa, maana kosa lililokuja kuonekana pale mezani lisingemtokea mtu mwingine. Jicho alikuwa na vikopo vidogo thelathini na kitu vya rangi ya vijiaskari, na hakuna hata kimoja chenye kibandiko. Vibandiko alivibandua mwenyewe. Alisema fundi rangi anayesoma kibandiko ni kama mpishi anayesoma neno chumvi kabla ya kutia chumvi. Alifungua kifuniko, akatazama, akajua. Majivuno hayo yalimdumu miaka, na hayakumgharimu kitu.

Mwalimu aliwapanga wapiga ngoma mezani, akainama. Kisha, kwa kidole, akawasogeza watano kushoto na saba kulia.

"Hawa ni wa kikosi gani?" akauliza, akiwaonyesha wale saba.

"Kikosi kimoja wote, Mwalimu. Wapiga ngoma."

"Ndugu yangu, hawa saba wamevaa kijani."

Jicho aliwatazama. Kumi na wawili, makoti meusi-meusi ya buluu, sawa kwa sawa. Alitafuta tofauti kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka.

Akacheka. Akasema, ah, hao ni rangi ya chini, bado sijawapitia mara ya pili. Mwalimu akaitika polepole, kwa namna ya mwalimu aliyesikia wanafunzi elfu mbili wakisema daftari limesahaulika nyumbani. Hakumsahihisha. Mtu aliyesahihisha makondakta hakumsahihisha Jicho, na Jicho akaiona huruma ile, akaogopa zaidi. Alirudisha askari mfukoni bila kuwapanga na kusema atachukua kaki, aandaliwe risiti, ataifuata Jumamosi.

Njiani hakuona barabara. Alikuwa anajisikia akicheka, ah, ni rangi ya chini, na kicheko kilikuwa cha baba yake. Ngazi iliteleza.

Nyumbani alimkuta Mama Pacha sebuleni na lundo la masweta ya sare, anashonea beji. Akamwambia kwa haraka, akiwa bado anavua viatu, kwamba ameamua, anachukua kaki, na kibubu kitabaki na zaidi ya nusu.

Wanawake wengi wangeshukuru. Mama Pacha aliacha sindano hewani.

"Tangu lini wewe ukachukua cha bei rahisi?"

Akarudia bajeti yake, maisha yamepanda. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainamia kazi yake, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa ampe lile sweta la kijani pale kwenye kiti, la shule ya juu, beji yake imebaki. Kwenye kiti palikuwa na masweta mawili. Jicho aliyatazama. Alisogea dirishani kidogo kana kwamba anapisha mwanga. Akachukua la kulia, akampa.

Mama Pacha alilipokea, akaliweka mapajani, akalinyoosha mikono. Lilikuwa la buluu. Alilinyoosha kwa muda mrefu.

"Soksi zako," akasema. "Miezi minane sasa unavaa moja ya kijani na moja nyeusi. Nilidhani ni uvivu. Nikajilazimisha kudhani ni uvivu, baba, kwa sababu niliogopa kuuliza."

Jicho akaketi chini pale pale, sakafuni, kiatu kimoja mguuni. Akasema yote. Mkunga, matone matatu, hatua tisa, wapiga ngoma saba. Alimwambia naogopa, neno ambalo hakuwahi kumwambia hata siku pacha walipozaliwa kabla ya wakati. Alisema anaogopa giza, anaogopa kushikwa mkono kwenda chooni, anaogopa kukaa kwenye kiti cha baba yake na watu kuzungumza juu ya kichwa chake. Mama Pacha hakumwambia usiogope. Aliogopa naye, mpaka beji ikamponyoka. Lakini mwanamke wa kanuni ni wa kanuni: alisema kesho kutwa ushirika haufungui, bima ya ushirika inawahusu wote wawili, na saa moja asubuhi watakuwa kwenye foleni ya hospitali ya macho.

Foleni ya hospitali ya macho, kama hujawahi kuikaa, ni mahali pabaya kwa mtu mwenye hofu. Kila anayepita mbele yako anakuonyesha kesho yako. Alipita mzee anayeongozwa na mjukuu, na Jicho akainama akatazama viatu vyake. Alipita mama mwenye bandeji, akafumba macho kabisa. Mkewe alimshika kiganja, na kiganja kilikuwa kimelowa. Walimtia dawa iliyolegeza mboni mpaka taa zikamea miba. Wakampuliza hewa machoni kupima presha, naye akaruka kila mara, muuguzi akalazimika kurudia mara nne na kumwambia kwamba watoto wa chekechea humshinda.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa pacha, mwenye sauti ya upole na mwandiko mbaya. Alitazama kwenye chombo chake jicho la kushoto, halafu la kulia, halafu la kushoto tena. Jicho alikuwa anahesabu pumzi zake. Daktari akamwuliza kazi yake ni ipi, na alipojibiwa aliinua kichwa akamtazama vizuri.

Akasema presha ya macho haina shida. Alichokuwa nacho ni mtoto wa jicho, yote mawili, wa aina inayoikolea lenzi na kuigeuza rangi taratibu, kama kioo cha taa kinavyoshika moshi. Mtu hajui kwa sababu haiji siku moja. Watamtoa lenzi ya zamani na kumwekea mpya, jicho moja kwanza, la kushoto, na wakiona limepona watafanya la pili. Mama Pacha alifunika uso kwa kanga akashukuru Mungu kwa sauti.

Ungetarajia Jicho naye apumue. Hakupumua. Mtu aliyelelewa na hofu haiachii kwa sababu daktari amesema. Alichosikia yeye ni kwamba watalipasua jicho lake kwa kisu, akiwa macho, na kwamba karatasi aliyotakiwa kusaini ilikuwa na mstari unaosema matokeo hayawezi kuhakikishwa. Mstari huo aliusoma mara tatu. Alipewa siku: Jumatatu, baada ya Jumamosi ya Mwalimu.

Dukani aliomba ruhusa ya wiki moja, akasema ni jino. Tayari alikuwa anajua anafanya nini, na bado akasema jino.

Jumamosi ikafika. Alikwenda kwa Mwalimu peke yake, kibubu kwenye mfuko wa plastiki. Kuta za Mwalimu zilikuwa tupu, rafu zimeacha alama ukutani, na maboksi matatu yalibaki mezani kama mwanzo. Risiti ya kaki ilikuwa imeandikwa tayari, imebaki sahihi. Mwalimu hakugusia wapiga ngoma. Alisema tu kwamba kaki ni chaguo la busara, na neno busara alilitamka bila furaha.

Jicho aliishika kalamu. Kaki ilikuwa salama. Kaki unaweza kuipaka hata gizani, hakuna atakayekusogezea saba kulia. Akiwa amechukua kaki, na upasuaji ukaharibika, hakuna atakayejua kamwe alichopoteza. Atakaa dirishani na jeshi lake la rangi moja, na watu watasema mzee anajitahidi. Alimwona mtu huyo waziwazi. Alimwona akihesabu hatua. Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa.

Akaiweka kalamu chini.

"Mwalimu, wale saba. Si rangi ya chini. Sikuona. Mpaka leo sioni."

Mwalimu alisema alijua. Akasema yeye mwenyewe alifanyiwa macho yote mawili miaka sita iliyopita, na kwamba usiku wa kuamkia siku ile alitapika. Hayo ndiyo yaliyomfariji Jicho kuliko yote aliyoambiwa hospitalini.

Akaisukuma risiti ya kaki pembeni. Akasema anachukua makoti ya buluu, yote mia moja na ishirini na nne, na pesa ya rangi ataijua mwakani. Mwalimu akaandika risiti nyingine, na Jicho akaisaini kwa haraka hata jina likatoka kwenye mstari. Asidhani mtu kwamba alikuwa amepata ushujaa. Alikuwa anaogopa vile vile kama alivyoingia, ila aliogopa zaidi kuwa na kaki kabatini.

Ya Jumatatu nitayafupisha, maana yeye mwenyewe aliyafupisha. Alisema kulikuwa na mwanga mkali, maji baridi, na sauti ya yule daktari binti ikimwambia atazame taa, na kwamba alishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikafa ganzi. Dakika ishirini. Kisha bandeji, kisha usiku mmoja wa kulala chali akisikiliza mkewe naye asivyolala.

Jumanne asubuhi muuguzi alibandua bandeji katika chumba chenye dirisha kubwa. Jicho aliendelea kufumba. Aliambiwa fumbua, akasema ngoja kwanza. Mama Pacha alimwekea kitu mkononi, kidogo, kizito, na alipokipapasa alijua ni nini: ngoma, kofia, koti. Alikuwa amemchukua mmoja wa wale kumi na wawili kabatini bila kumwambia.

Alifumbua. Ukuta uliokuwa mbele yake ulikuwa mweupe hata akashtuka. Hakuwa ameona nyeupe ya namna hiyo kwa muda asioweza kuukadiria. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja, akautazama kwa la kulia, na ukuta ule ule ukawa rangi ya chai ya maziwa. Akafunua. Mweupe. Akafunika. Chai. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara uso ukazidi kumbadilika. Kisha akainamisha kichwa akamtazama mpiga ngoma kiganjani.

"Ni rangi gani?" mkewe akauliza, na hakuna swali alilowahi kuliuliza kwa hofu kubwa hivyo.

"Kijani," akasema. "Kijani kabisa. Hata mtoto angeona."

Mama Pacha akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia muuguzi kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Kwake yeye neno lile lilikuwa mwisho wa mambo. Mumewe anaona.

Jicho hakulia wala hakucheka. Alisimama taratibu akaenda dirishani, akiwa bado anamfinya yule askari, na kutazama nje. Hospitali ile iko juu kidogo, na kutoka pale unauona mtaa wote, mabati na kuta, nyumba moja baada ya nyingine. Rangi za nusu ya kuta hizo alizichanganya yeye. Alizitazama kwa jicho la kushoto peke yake. Aliliona duka la dawa, ambalo mbele lilikuwa buluu na ubavuni kijani. Aliiona nyumba ya ghorofa yenye kiraka kikubwa cha zambarau katikati ya kijivu. Aliiona shule ya chekechea, uzio wake una rangi mbili zinazopishana ubao kwa ubao, na alikumbuka mwalimu mkuu alivyomshukuru, miaka mitatu iliyopita. Mitatu. Watu walipita mbele ya kuta hizo kila siku, na hakuna aliyekwenda dukani kumwambia.

"Walikuwa wanajua," akasema.

Mkewe alikuja akasimama naye. Alitazama anakotazama. Hakubisha, maana naye alikuwa amepita mbele ya chekechea ile kila siku akienda ushirika.

Baada ya muda aliuliza saa. Muuguzi akamwambia saa tatu kasoro. Jicho akamtia mpiga ngoma mfukoni, akamwomba mkewe waanzie nyumbani kwa mkunga, akamweleze yale matone matatu, halafu wapitie dukani kabla mwenye duka hajaanza kuwachekesha wateja wa asubuhi kwa habari za mashine yake isiyoharibika.